Kuhesabu ncha za pembe hakupunguzi kulungu

Ndugu yangu, unasema shamba mnalowinda huko Pennsylvania limejaa kulungu wanaomaliza miche, na unauliza kama kuwaacha madume wadogo kutapunguza idadi yao. Hakutapunguza. Sheria ya ncha, iliyoanza 2002 na kutaka walau ncha 3 upande mmoja wa pembe katika sehemu kubwa ya jimbo, inawalinda madume wa mwaka mmoja na nusu wapate kukomaa, basi. Dume mmoja hupanda majike kadhaa, kwa hiyo idadi inaamuliwa na majike. Mkitaka miche ipone, chukueni leseni za majike, ambazo hutolewa peke yake, na mzitumie kweli. Wengi huzichukua wakaziacha mfukoni, na hilo linaniuma.

Halafu msidhani ncha ni umri. Penye malisho mazuri, dume wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa na ncha 6 au hata 8. Mkihesabu ncha tu, mnaua walio bora katika rika lao na kubakiza dhaifu; Mississippi waliliona hilo baada ya sheria yao ya ncha 4 ya mwaka 1995. Texas, katika kaunti nyingi, hupima upana wa ndani kati ya pembe mbili: dume wa kuwindwa awe na walau inchi 13, takribani upana wa masikio yaliyosimama.

Mimi huangalia mwili kwanza. Shingo nyembamba, tumbo lililobana, miguu inayoonekana mirefu: huyo bado kijana, mwache apite. Na kama ncha hujaziona vizuri kwa darubini, usifyatue.