Akikwambia "Talmudi inasema", muulize ukurasa

Wasomaji huniuliza waanzie wapi kusoma habari za viumbe wa ajabu katika maandiko ya kale ya Wayahudi: Lewiathani wa baharini, shamiri mkata mawe, ndege asiyekufa, golemu au mtu wa udongo aliyepewa uhai. Jibu langu ni moja. Tafuta kwanza aya ya Biblia iliyomzaa kiumbe huyo. Nimeyasoma masimulizi haya kwa miaka mingi, na karibu kila kiumbe niliyemfuatilia hadi kwenye chanzo nimemkuta ameletwa ili kujibu swali lililowakosesha marabi usingizi.

Mchukue shamiri. 1 Wafalme 6:7 inasema Hekalu la Suleimani lilijengwa kwa mawe yaliyotayarishwa chimboni, na wakati wa kujenga haukusikika mlio wa nyundo, shoka wala chombo chochote cha chuma. Basi mawe yale yalikatwa na nini? Hilo ni swali la fundi, na Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, inalijibu kama fundi. Katika sehemu yake iitwayo Sota, ukurasa wa 48b, tunaambiwa shamiri ni mdogo kama punje ya shayiri, hakuna kitu kigumu kinachomshinda, na alihifadhiwa kwa kuviringishwa ndani ya sufu, kisha akatiwa kwenye chombo cha risasi kilichojaa pumba za shayiri. Wafafanuzi wa baadaye ndio waliosema wazi kwamba ni mdudu.

Sehemu nyingine, Gitini 68, inasimulia alivyopatikana. Suleimani anamtuma Benaya mwana wa Yehoyada akamkamate Ashmedai, mfalme wa mashetani. Benaya anakitoa maji kisima cha Ashmedai na kukijaza divai. Ashmedai analewa, anafungwa, anapelekwa Yerusalemu, na huko anasema shamiri yuko mikononi mwa mkuu wa bahari, ambaye humwazima jogoo wa mwituni peke yake, kwa kiapo. Ndege huyo humtumia kupasua miamba ya milima mikavu, kisha hutupia mbegu kwenye nyufa ili miti iote. Watu wa Suleimani wanakiziba kiota chake kwa kioo cheupe. Ndege anapomleta shamiri akipasue, wanampigia kelele, anamwangusha, wanamchukua. Naye ndege, kwa kuwa kiapo chake kimevunjika, anajinyonga. Kila nikifika hapo nasimama kidogo. Hekalu limepata mawe yake, lakini msimulizi hakuficha ni nani aliyelipa.

Waliokua wakisikia habari za Nabii Suleiman, majini na hudihudi watajiona wako nyumbani. Ufurahieni ufanano huo, ila kila simulizi lisomwe ndani ya kitabu chake kabla ya kulilinganisha na jingine.

Ushauri wa pili unaokoa muda mwingi. Mtandaoni, viumbe wa zama tofauti hutiwa chungu kimoja. Mtu akikwambia "Talmudi inasema", mwombe jina la sehemu, namba ya ukurasa na upande wake, a au b. Kurasa hizo zinafuata mpangilio uliochapwa Venice miaka ya 1520, na matoleo ya kawaida yanaufuata hadi leo, kwa hiyo unaweza kuhakiki popote ulipo. Asipokuwa na ukurasa, usimwamini bado. Mfano mzuri ni golemu wa Prague. Rabi Judah Loew alikuwepo kweli, alifariki mwaka 1609, lakini simulizi linalomhusisha na mtu wa udongo lilianza kuchapishwa karne ya 19. La kale ni lile la Sanhedrini 65b, fupi mno: rabi aitwaye Rava aliumba mtu, akampeleka kwa Rabi Zeira. Rabi Zeira akamsemesha, hakujibiwa, akamwambia arudi mavumbini. Basi.

Kuhusu Lewiathani, wengi hukimbilia moto wa kinywani katika Ayubu 41. Mimi ningekupeleka Zaburi 104:26, inayosema Mungu alimuumba acheze baharini. Marabi walilishika neno hilo. Katika Avoda Zara 3b wanaigawa siku ya Mungu yenye saa kumi na mbili: saa tatu anasoma Torati, tatu anahukumu ulimwengu, tatu anavilisha viumbe vyote, kuanzia nyati hadi mayai ya chawa, na tatu za mwisho anacheza na Lewiathani. Kisha Rabi Aha anamwambia Rabi Nahmani bar Isaka kwamba tangu Hekalu lilipobomolewa, kwa Mungu hakuna tena kicheko. Lewiathani aliyeonekana wa kutisha sasa yuko katikati ya maombolezo ya watu waliopoteza Yerusalemu mwaka 70 BK. Ukimsoma kama samaki mkubwa tu, hayo yote yanakupita.

Ukitaka kuanza leo, anza na Sanhedrini 108b. Ni fupi, na ina Nuhu aliyechoka kulisha wanyama safinani mchana na usiku. Kuna mnyama anayedhaniwa kuwa kinyonga, ambaye Nuhu hakujua anakula nini, hadi siku alipopasua komamanga, funza akaanguka, kinyonga akamla. Kuna na ndege aliyejilaza kimya, akaulizwa kwa nini haombi chakula, akasema alimwona Nuhu ana shughuli nyingi, hakutaka kumsumbua. Nuhu akambariki asife kamwe. Ukimaliza hapo nenda Gitini 68. Bava Batra 73 hadi 75, penye safari za rabi aitwaye Rabba bar bar Hana na karamu ya nyama ya Lewiathani, iache mwisho, kwa sababu ni ndefu na inamtaka msomaji ambaye tayari amezoea marabi wanavyozungumza.