Kabla hujamwambia mama asinyonyeshe

Wadogo zangu wa intani, juzi kwenye raundi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mama wa siku ya pili tangu ajifungue, "Maziwa hayatoshi, mwongezee ya kopo." Kadi kaisoma vizuri, lakini mtoto hajamwona akinyonya hata mara moja. Nilinyamaza, maana mimi nina langu baya zaidi.

1. Tazama mtoto akinyonya. Kinywa wazi, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kinagusa titi. Najua foleni ni ndefu, na kwenye ratiba ya zamu kazi hii haina mwenyewe. Kwa hiyo kila mtu anadhani mwenzake kashaifanya.

2. Dawa. Hapa nivumilieni. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama wa mtoto wa wiki tano, ana UTI. Nikamwandikia amoksilini, na kwa ujuaji wangu nikaongeza, "Usinyonyeshe mpaka umalize dozi." Hakuna aliyenifundisha hivyo, niliona tu kwamba ukikataza hukosei. Habari ya kukamua wala sikuigusa. Siku ya nne karudi: homa, matiti magumu kama mawe, gauni limelowa, na mtoto akiwekwa kwenye titi analia na kugeuza shingo, kashazoea chupa. Mkunga wa zamu akaisoma karatasi yangu mara mbili, akauliza mbele ya mama, "Daktari, hili umelisoma wapi?" Sikulisoma popote. Anayenyonyesha anatumia amoksilini bila tatizo, na kitabu kinachosema hivyo kilikuwa mfukoni mwa koti langu. Mkunga akakaa naye akimsaidia kukamua taratibu. Mimi nikapewa kazi ya kushika bakuli. Wakati wa kuondoka mama akanishukuru. Angenitukana ningelala usiku ule.

3. Kalenda na kalamu za kampuni za maziwa ya kopo, toeni mezani. Kanuni ya kimataifa ya kuzuia matangazo hayo ipo tangu 1981, halafu wewe unamwandikia mama "anyonyeshe" kwa kalamu yao!

4. Semeni kitu kimoja. Mama akiambiwa matatu na watu watatu, atafuata la nne, la jirani.

5. Uzito kushuka kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Akipoteza asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, usisubiri, niite.

Na wewe wa "mwongezee ya kopo", yule mama yuko kitanda cha dirishani. Saa nane mtoto ataamka. Osha mikono, vuta kiti, tutazame wote.