Muulize Mwalimu: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza vifaa vya simu Kariakoo. Wateja wakipungua huwa nacheza na kikokotoo. Nimejaribu kugawanya 4,294,967,297 kwa namba tasa zote hadi 97, kila mara inabaki desimali. Ni tasa?
Kijana wa Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeacha mapema, lakini umepotea na watu wakubwa. Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwanahisabati Mfaransa Fermat, karne ya 17, aliona 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote zinazotoka kwa mtindo huohuo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ongeza 1), ni tasa, akaamini na hii inayofuata ni tasa.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler akaivunja: ni 641 × 6,700,417, kwa hiyo si tasa. Zidisha hapohapo dukani, uone mwenyewe.

Ninachokipenda mimi ni njia. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Kwa hiyo 7, 11 na 13 ulizohangaika nazo hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano tu! Nilipoyafanya kwa kalamu mara ya kwanza, nikiwa mwalimu kijana Temeke, chai ilipoa mezani sikuigusa.

Tazama pia 641 yenyewe: ni 5 × 128 + 1, na papo hapo ni 625 + 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 jumlisha 2 kwa kipeo cha 4. Kutoka hapo unaweza kuthibitisha mgawanyo wote bila kikokotoo. Jaribu, kisha niandikie.