Nimepewa mkataba wa kikapu nje ya nchi: nisaini?

SWALI

Shikamoo Wakili. Nina miaka 22, nacheza mpira wa kikapu, namba 3. Nimepata ofa yangu ya kwanza ya kulipwa kutoka klabu ya daraja la pili katika nchi nyingine: miezi 9, dola 2,500 kwa mwezi, nyumba na tiketi ya ndege. Wakala wangu anasema mkataba ni wa uhakika, na kwamba nisaini ndani ya siku 2 kabla nafasi haijaenda kwa mwingine. Nimeusoma wote, kurasa 6. Kinachonitia wasiwasi ni kipengele cha 4, kinachosema klabu inaweza kuuvunja mkataba "endapo kiwango cha mchezaji hakitaridhisha", na cha 9, kinachosema migogoro yote itaamuliwa na mahakama za nchi ya klabu. Kuhusu afya kuna mstari mmoja tu: "Mkataba utaanza kutumika baada ya mchezaji kufaulu vipimo." Je, huu ni mkataba wa uhakika? Niombe nini kibadilishwe?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Kupata ofa ya kwanza ni kazi kubwa uliyoifanya uwanjani. Lakini mkataba huu si wa uhakika, na nakusihi usiusaini ulivyo.

Nianze na neno lenyewe, maana wakala wako amelitumia kirahisi mno. Mkataba wa uhakika ni ule ambao mshahara wote utalipwa hata ukiumia, hata ukiugua, hata kiwango kikishuka, hata kocha mpya akija na asikutake. Klabu inaweza kukuweka benchi, inaweza hata kukuambia urudi kwenu, lakini fedha zako zinabaki zako. Mfano ambao wengi wanaujua ni wa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa 2 katika drafti ya NBA ya mwaka 2009, yaani zoezi ambalo klabu za ligi hiyo ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Katikati ya msimu wake wa kwanza, klabu yake, Memphis, ilimpeleka kucheza ligi ya chini, lakini aliendelea kulipwa mshahara wake wa NBA. Sababu ni kwamba anayechaguliwa katika raundi ya kwanza hupewa mkataba ambao miaka miwili ya mwanzo ni ya uhakika. Kiwango chake kilijadiliwa kila mahali, mshahara wake haukujadiliwa.

Sasa rudi kwenye kipengele chako cha 4. "Hakitaridhisha" kwa kipimo gani, na nani anapima? Hakuna idadi ya pointi, hakuna asilimia ya mitupo, hakuna tarehe. Meneja akiamka asubuhi hajaridhika, imetosha. Fanya hesabu: miezi 9 kwa dola 2,500 ni dola 22,500. Wakikuacha baada ya miezi 2, umepata 5,000 na huna dai la zile 17,500 zilizobaki. Kwa hiyo usijihesabie kuwa una mkataba wa miezi 9. Una mkataba wa wiki chache unaoongezeka kadiri klabu inavyopenda, ilhali wewe umefungwa kwa miezi yote 9. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi ninapoona mikataba ya vijana: upande mmoja una mlango, mwingine una ukuta.

Omba kipengele cha 4 kifutwe kabisa, na badala yake kiandikwe hivi: "Mkataba huu ni wa uhakika. Mshahara wote wa msimu utalipwa hata mchezaji akiumia au kuugua, akishuka kiwango au kuachwa nje ya kikosi." Klabu ikikataa katakata, kuna njia ya kati ambayo si mbaya kwa mchezaji anayeanza: kipindi cha majaribio chenye mwisho unaojulikana, tuseme wiki 4 tangu uwasili. Wakikuacha ndani ya hizo wiki 4 wanakulipa mwezi mzima na tiketi ya kurudi; siku ya 29 ikifika ukiwa bado upo, kila kitu kinakuwa cha uhakika hadi mwisho wa msimu. Hapo angalau hatari ina tarehe.

Sasa vipimo vya afya. Ule mstari mmoja uliouona ndio unaonitisha kuliko hata kipengele cha 4, kwa sababu nimeshauona ukitumika.

Mchezaji mmoja niliyemsaidia alitua usiku, asubuhi akaingizwa mazoezini. Hakuna daktari aliyemgusa. Alicheza mechi mbili za kirafiki, na katika ya pili akatua juu ya mguu wa mwenzake, kifundo kikageuka. Siku ya 12 ndipo klabu ikampeleka hospitali, na ripoti ikasema hakufaulu vipimo. Kwa maana hiyo, wakasema, mkataba haukuwahi kuanza. Alinipigia akiwa uwanja wa ndege, mguu umefungwa bandeji, begi miguuni. Kilichotuokoa kidogo ni picha aliyopiga kwa simu siku ya tatu ili kumtumia dada yake: mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, umebandikwa ratiba ya mazoezi ya wiki, jina lake na namba yake ya jezi vipo, tarehe ipo. Kwa picha ile tuliweza kuonyesha kwamba klabu ilimtumia kama mchezaji wake kabla ya kumpima. Walikubali kulipa mwezi mmoja na nusu, na msimu wote uliobaki ukapotea.

Dawa yake ni sentensi mbili, na klabu zilizozoea kusajili kutoka nje huzikubali bila ugomvi: "Mchezaji atapimwa afya ndani ya saa 72 tangu kuwasili na kabla ya mazoezi ya kwanza. Klabu ikimruhusu kufanya mazoezi au kucheza kabla ya kutoa majibu kwa maandishi, atahesabiwa amefaulu." Kisha ongeza kuhusu kuumia ukiwa kazini: nani analipa hospitali, nani analipa upasuaji, na kama una haki ya kusikia maoni ya daktari wa pili asiyeajiriwa na klabu. Kano ya mbele ya goti ikikatika, kurudi uwanjani mara nyingi huchukua miezi 9 hadi 12. Yaani jeraha moja linaweza kuwa refu kuliko mkataba wako wote. Kwa hiyo hakikisha imeandikwa kwamba matibabu na mazoezi ya kurudisha mguu yataendelea hadi upone, hata kama msimu umekwisha.

Kipengele cha 9 kinarekebishika kwa urahisi ukijua cha kuomba. Kwenda kwenye mahakama za nchi ya klabu maana yake ni kutafuta wakili huko, kuendesha kesi kwa lugha yao, na kusubiri pengine miaka huku maisha yako ya uchezaji yakipita. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilianzisha chombo cha usuluhishi kwa ajili hii hasa, kinachojulikana kwa kifupi kama BAT, na makao yake ya kisheria yako Geneva, Uswisi. Kesi huamuliwa na msuluhishi mmoja, kwa Kiingereza, na kwa kawaida kwa kuangalia haki na usawa badala ya sheria za nchi fulani. Nyingi humalizika kwa maandishi, hulazimiki kusafiri. Na uamuzi una meno: klabu isiyolipa inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji wapya, na hakuna klabu inayotaka kuanza msimu hivyo.

Lakini BAT haisikilizi kesi ambayo mkataba haukuipa mamlaka. Lazima kipengele kiwemo, kwa maneno ambayo BAT yenyewe imeyaweka wazi kwa kila mtu kuyanakili. Wakala wako akisema "hilo tutaliongea baadaye", mwambie baadaye haipo. Klabu ikishashindwa kukulipa haitakubali kutia saini kipengele cha kukusaidia kuishtaki.

Jua pia upande wake mgumu. Kufungua kesi kuna ada ambayo BAT hairudishi, kisha kila upande hutakiwa kutanguliza nusu ya gharama. Klabu ikigoma kutoa nusu yake, wewe ndiye utaitoa ili kesi iendelee, na utadai urudishiwe ukishinda. Na ukivunjiwa mkataba ukapata klabu nyingine msimu huohuo, ulichopata huko kitapunguzwa kwenye fidia. Usiogope kwa hilo kukubali kazi mpya. Msuluhishi hutarajia mchezaji atafute kazi, na mwili wako unahitaji kucheza.

Hujasema lolote kuhusu tarehe za malipo, nami nina wasiwasi hazimo. "Dola 2,500 kwa mwezi" haitoshi. Omba jedwali ndani ya mkataba lenye mistari 9, kila mmoja una tarehe na kiasi. Liandikwe kwamba ni fedha ya mkononi baada ya kodi, na kwamba klabu italipa kodi na kukupa stakabadhi zake. Halafu weka ngazi za kuchelewa: malipo yakichelewa siku 15, una haki ya kukaa nje ya mazoezi na mechi bila kuvunja mkataba, yakifika siku 30, unaweza kuuvunja na mshahara wote uliobaki unadaiwa papo hapo. Ukishafika huko, usinung'unike kwa mdomo. Andika barua pepe yenye tarehe, fupi, ya heshima, ukitaja mwezi unaodaiwa na kuipa klabu siku za kulipa. Wachezaji wengi hupoteza madai mazuri kwa sababu waliondoka kwa hasira bila kuonya kwa maandishi, kisha klabu ikasema wametoroka.

Wakala naye tumuangalie kwa haki. Anayeshughulikia uhamisho wa kimataifa anatakiwa kuwa na leseni ya FIBA, na FIBA huorodhesha wenye leseni. Tafuta jina lake leo. Katika NBA chama cha wachezaji kimeweka kikomo, wakala hachukui zaidi ya asilimia 4 ya mshahara. Kwingineko kiwango kilichozoeleka ni asilimia 10, na mara nyingi hulipwa na klabu juu ya mshahara wako. Kwako hiyo ni dola 2,250. Uliza mambo mawili: nani anailipa, na inalipwa lini. Kama anapokea yote siku unaposaini, haraka yake ya siku 2 inaeleweka. Omba alipwe kwa awamu, kadiri wewe unavyolipwa. Wakala mzuri hatakasirika, na kwa kweli wapo wengi wazuri.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao kijana wa miaka 22 anauhitaji: wa kutokea ukifanya vizuri. Ricky Rubio, kijana wa Hispania, alichaguliwa wa 5 na Minnesota ya NBA katika drafti ya mwaka 2009, lakini alifika huko mwaka 2011. Mkataba wake na klabu yake ya nyumbani, Joventut, ulikuwa na bei kubwa ya kuuvunja, na timu ya NBA huruhusiwa kuchangia sehemu tu ya bei hiyo bila kuathiri hesabu zake za mishahara. Inayozidi humwangukia mchezaji. Akahamia Barcelona, akasubiri huko. Yeye alikuwa na mahali pazuri pa kusubiri. Wewe omba kipengele kinachokuruhusu kuondoka katikati ya msimu kwenda ligi ya juu zaidi kwa malipo ya, tuseme, mshahara wa mwezi mmoja. Klabu za daraja la pili mara nyingi hukubali, maana kumuuza mchezaji juu ni sifa kwao.

Barua ya ruhusa ya kuhama isikusumbue sana. Klabu mpya inaiomba kupitia shirikisho lake, na shirikisho lako lina siku 7 za kujibu. Sababu pekee ya kukataa ni kwamba bado una mkataba na klabu ya sasa. Kwa hiyo kama una karatasi yoyote uliyowahi kusaini nyumbani, hata ya ukurasa mmoja, itafute na usome tarehe yake ya mwisho kabla hujaaga.

Kesho asubuhi mwandikie wakala barua pepe moja: unaitaka kazi hii, uko tayari kusaini mara marekebisho yakiingia, na marekebisho ni haya. Weka maneno kamili ya kipengele cha 4, cha afya na cha 9, pamoja na jedwali la malipo. Klabu inayokuhitaji kweli hujibu ndani ya siku moja au mbili. Yale ya mlango wa kutokea na malipo ya wakala unaweza kuyalegeza ukilazimika. Afya, tarehe za malipo na BAT usiviachie. Na picha ya ratiba mlangoni, ipige siku ya kwanza.