Eti tunalipwa kutazama theluji dirishani

Maneno yamenifikia: anayesomea hali ya hewa Marekani hukaa karibu na hita, anatazama dhoruba kwenye kompyuta, pesa inaingia. Kompyuta ipo, sikatai. Ila kompyuta haishiki rula. Theluji bado hupimwa na mtu, nje, na idarani kwetu chuoni zamu hiyo humwangukia mwanafunzi.

Kazi yenyewe ni ubao wa plaiwudi, inchi 16 kwa 24, uliopakwa rangi nyeupe ili usinyonye joto la jua. Unasimamisha rula, unasoma hadi sehemu ya kumi ya inchi, unapangusa ubao na kuuweka juu ya theluji. Usipanguse tena kabla ya muda wa saa 6 kupita. Theluji hujishindilia kwa uzito wake. Ukipangusa kila saa, jumla inavimba na rekodi inaharibika. Kwa hiyo ukipima saa saba usiku, saa moja asubuhi uko nje tena.

Halafu maji yaliyomo kwenye theluji. Majira ya baridi, kipimamvua chenye mdomo wa inchi 8 huondolewa faneli na mrija wa ndani, likabaki kopo la nje tu, ili theluji iingie. Unalibeba kopo ndani, unamimina maji ya moto uliyoyapima, theluji ikiyeyuka unahamishia kwenye mrija, unasoma, kisha unatoa ulichoongeza. Usipoandika ulichoongeza, kipimo kimekufa. Upepo ukivuma, theluji hupita juu ya mdomo wa kopo na kipimo kinapungua. Hapo geuza kopo, likandamize kwenye theluji ya ubaoni, uyeyushe ulichokikata.

Glavu nene haziandiki. Vaa nyembamba za sufu ndani, nene juu, na chukua penseli, maana wino huganda. Fulana ya pamba iache. Ikilowa jasho ndiyo itakayokugandisha.

Adha yote ya nini? Modeli za kompyuta za utabiri hutoa kiasi cha maji, watu wanauliza kiasi cha theluji. Inchi moja ya maji kwa kawaida huhesabiwa inchi 10 za theluji, lakini ile nzito ya karibu na nyuzi 0 huweza kuwa 5, na kavu ikapita 20. Dhoruba nayo ikihama kidogo tu, umeaibika: Januari 2015 jiji la New York liliambiwa futi mbili, treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, bustani ya Central Park ikapata inchi 9.8. Theluji nyingi iliangukia mashariki zaidi.

Na wanaouliza theluji inatoka wapi kama dunia inapata joto: kila nyuzi 1 ya sentigredi huiwezesha hewa kubeba mvuke takribani asilimia 7 zaidi. Baridi ikibaki chini ya 0, mvuke huo unashuka kama theluji.

Wadogo zangu, msije. Idara ya taifa ya hali ya hewa huajiri raia wa Marekani, na viza ya mwanafunzi, F-1, inakupa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, hapo hapo chuoni. Lakini kama kalkulasi na fizikia unaziweza na unaandika programu, njoo, fani hii inahitaji watu. Ukihitimu unaweza kuomba miezi 12 ya kazi na 24 ya nyongeza. Mwandikie profesa kabla hujalipa ada ya maombi. Muulize posho ni ya miezi mingapi: nyingi ni za 9, na kodi ya nyumba ni ya 12.