Kabla hujamwandika mamluki wa uchawi, uliza nani anamlipa

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ya uchawi mjini Mwanza ilikuwa na vyote: mamluki mwenye panga, pikipiki, na mazimwi yanayotoka chini ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, kila umeme ukikatika. Amepanga chumba Kirumba, analala na harufu ya dagaa. Adui wake nikamfanya bibi wa mlimani Mabatini mwenye macho mekundu.

Nikampa shangazi asome. Sura ya tatu akavua miwani.

"Huyu kijana analipwa na nani?"

"Na majirani, shangazi."

"Amuue bibi wa watu kwa sababu ya macho? Basi mwanangu hujatunga kitu. Hao tunawajua."

Nilinyamaza. Huku Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga na vijana wa kukodiwa, kisa macho, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kuni na samadi tangu usichana. Shujaa wangu alikuwa mmoja wao, tofauti ni kwamba nilimvalisha koti la ngozi. (Koti la ngozi, Mwanza, mwezi wa kumi!)

Kwa hiyo ukitaka kuandika riwaya ya namna hii, anzia mfukoni mwa mamluki. Nani kamfuata, kaacha kishika uchumba cha shilingi ngapi, na kazi ipi ataikataa hata akiwa anadaiwa kodi. Wangu sasa anaikataa ya yule bibi, na wateja wanatafuta mwingine. Riwaya nzima ikahamia hapo: nani atafika kwanza mlimani.

Uchawi nao utolee ziwani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, maana hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Nikajiuliza, kama kuna kingine kinachofuata taa zile? Ghafla hatari ikapata ratiba, na mamluki akapata msimu: siku za mbalamwezi hana kazi, anakula kwa mkopo kwa mama lishe.

Na usisahau kwamba Sheria ya Uchawi ya 1928 bado ipo. Anayejitangaza kuwa ana nguvu hizo anaitafuta polisi. Kibao cha wangu kimeandikwa "Fundi Injini za Boti", na kweli anazitengeneza, vibaya.

Shangazi yuko sura ya sita. Jana kapiga simu kuuliza yule mama lishe atalipwa lini.