Bunduki ya kwanza ya mitutu miwili: .470 kuukuu au 9.3 mpya?

Swali: Mzee, shikamoo. Niko mafunzoni kuwa mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni wanaokuja kuwinda, hapa Arusha. Mpaka sasa natumia .375 ya bolti, mali ya kampuni. Nataka kununua bunduki yangu ya kwanza ya mitutu miwili, ya nyati na tembo. Nimeonyeshwa mbili: .470 ya Kiingereza ambayo mwenyewe anasema ni ya kabla ya vita, na 9.3x74R mpya ya Kijerumani ambayo bei yake naimudu. Nichukue ipi? Na je, niweke darubini?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. 9.3 iache. Bunduki yenyewe haina ubaya. Kwa pofu au kuro ingekufaa maisha yako yote. Lakini .375 ndiyo kaliba (upana wa risasi, hapa kwa inchi) ya chini inayotakiwa kwa wanyama hatari, nayo ina kipenyo cha mm 9.5, kwa hiyo hata kwa vipimo vitupu 9.3 iko chini ya mstari. Halafu fikiria kazi yenyewe. Mwindaji bingwa hubeba mitutu miwili kwa ajili ya nyati ambaye mgeni amemjeruhi, nyati akaingia kichakani, na sasa anatoka hatua kumi na tano mbele yako. Risasi ya 9.3 ina uzito wa gramu 18.5 hivi. Ya .470 ina gramu 32, nayo hutoka kwa kasi ya mita 655 kwa sekunde. Ukinunua 9.3 utakuwa umelipa pesa nyingi kupata kitu kilicho chini ya .375 uliyonayo tayari.

Kama teke la .470 linakupa wasiwasi, tafuta .450/400. Ina risasi ya gramu 26, bega litakushukuru, na nyati hataona tofauti. .500 si ya kuanzia.

Sasa hiyo .470. Jina lililochorwa juu ya mitutu lisikulevye. Bunduki nyingi za enzi hizo zilitengenezwa Birmingham, zikauzwa na maduka yaliyochora majina yao wenyewe. La muhimu ni kama mitutu yote miwili bado inapiga mahali pamoja, kwa risasi utakazozipata leo.

Ukiitazama utadhani mitutu imelala sambamba. Haiko hivyo, imekaribiana kidogo mdomoni. Mtutu wa kulia ukipigwa, bunduki huruka juu na kuvutwa kulia kabla risasi haijatoka. Wa kushoto huivuta kushoto. Kwa hiyo fundi aliyeitengeneza alipiga karatasi, akayeyusha lehemu, akasogeza kabari iliyo kati ya midomo, akapiga tena, mpaka risasi mbili zikakaa pamoja. Alifanya hivyo kwa risasi ya uzito fulani na kasi fulani. Ukitia yenye kasi ndogo, inachelewa kutoka, bunduki inakuwa imeshavutwa sana: ya kulia inaangukia kulia zaidi, ya kushoto kushoto zaidi. Ukitia yenye kasi kubwa mno zinapishana, ya kulia inapiga kushoto.

Fungua mitutu, igeuze, usome mihuri iliyo chini yake. Kwenye .470 nyingi za Kiingereza utakuta namba 75 na 500: punje 75 za kodaiti, ile baruti ya zamani, na risasi ya punje 500 (punje ni kipimo cha uzito, 500 ndizo zile gramu 32). Kynoch, kampuni ya Kiingereza, waliacha kutengeneza risasi hizo miaka ya 1960. Za leo zina baruti nyingine, na huwezi kujua zitafanyaje kwenye bunduki hiyo mpaka uzipige.

Basi mwambie mwenye mali mwende wote uwanja wa shabaha kabla hujatoa hata senti, na suala la kibali cha polisi liwe limeshaeleweka. Karatasi iwe mita 50. Pigia juu ya fito au mfuko wa mchanga, lakini kiganja chako kiwe chini ya mitutu. Ukiilaza juu ya ubao mgumu itaruka vingine na utaihukumu bure. Piga kulia, kisha kushoto ndani ya sekunde kumi. Fungua, iache ipoe kabisa, halafu rudia. Kila tundu liandikie kalamu, KL kwa kulia au KS kwa kushoto, maana ukingoja mwisho hutajua lipi ni lipi. Baada ya jozi nne, matundu yote manane yakikaa ndani ya kisahani cha chai, na ya KL yakiwa upande wa kulia au yamechanganyika na ya KS, hiyo ni bunduki. Yakipishana au yakiachana kwa shubiri, achana nayo, hata kama bei imeshuka. Kuirekebisha upya ni kazi ya mafundi wachache sana, wengi wao Ulaya.

Ukiwa hapo, ning'iniza mitutu peke yake kidoleni na uigonge kwa kifundo. Mlio mrefu safi ni mzuri. Mlio mfu maana yake lehemu imeachia mahali. Angalia ufa kwenye mbao nyuma ya kitasa, ile sehemu ya chuma yenye mitambo ya kufyatua, na kutu ndani ya mitutu iliyoletwa na fataki (viwashio vya risasi) za zamani. Na kwa mitutu ya umri huo usipige risasi ngumu za shaba tupu zisizo na mifuo. Kuta ni nyembamba.

Halafu jipime. Funga macho, ipandishe begani, fumbua. Kilengeo cha mbele kiwe kimekaa ndani ya V ya nyuma bila wewe kusogeza shingo. Bunduki hizi zilichongewa mtu maalumu, na huenda mtu huyo alikuwa na mikono mirefu kuliko yako.

Darubini usiweke. Mbali una .375.

Vifyatulio viwe viwili, kila mtutu na chake, ili kimoja kikigoma kingine kifanye kazi. Sefti, ile swichi ya kuzuia bunduki isifyatuke, ndiyo iangalie sana. Nyingi hujirudisha zenyewe kila unapofungua mitutu. Umepiga mbili, umetia nyingine mbili, nyati bado anakuja, unavuta na hakuna kitu, kwa sababu kidole gumba hakikukumbuka kusukuma. Kijiti kinachoirudisha, fundi mzuri hukiondoa mara moja, si kazi ndefu. Mwambie akufungie kijiti hicho kwenye bahasha na ukitunze. Siku ukiuza, mnunuzi atakiuliza.